Kupiga Picha Maporomoko ya Materuni kwa Filamu ya Polepole
Ukitaka maji ya Materuni, juu ya Moshi, yatoke laini kama pamba, tumia filamu ya polepole, yaani isiyo nyepesi kuhisi mwanga, kama Ilford Pan F Plus ya ISO 50 (ISO ni kipimo cha wepesi huo), na kamera ikae juu ya stendi ya miguu mitatu iliyokita imara mwambani. Panga picha kwanza, ndipo uivike lenzi kichujio cheusi cha stopu 6 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwani baada ya hapo utaona giza tu. Kipimo cha 1/15 ya sekunde bila kichujio, kwenye f/16 (tundu dogo la lenzi), huzidishwa mara 64, kikawa takriban sekunde 4. Lakini kwa kuwa filamu hupungukiwa wepesi inapoangaziwa muda mrefu, mimi huacha shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, wazi kwa sekunde 6. Manyunyu hutua upesi kwenye kichujio, basi kifute kabla ya kila picha.