Karakana ya chuma nyumbani kwenye nchi za baridi: ikarabati iwe kavu kwanza, hita inakuja mwisho

Hii nawaandikia mafundi wenzangu mlioko huko kwenye theluji, Marekani ya kaskazini, Kanada, Skandinavia, mliochukua gereji ya nyumbani mkaamua iwe karakana ya kukereza na kuchomelea. Mi niko Minnesota, huku Januari usiku nyuzi -20 za Selsiasi sio habari ya kumpigia mtu simu. Gereji ninayoitolea mfano ni ile ya kawaida kabisa ya magari mawili, futi 24 kwa 24, yaani mita 7.3 kila upande, kuta za mbao za mbili kwa nne, sakafu ya zege inchi 4, imejitenga na nyumba. Kama yako ni ndogo punguza hesabu.

Kabla ya hatua yoyote elewa hiki kitu, manake ndo kinaamua mengine yote. Chuma hakijali baridi hata kidogo, kinachokimaliza ni unyevu. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 inaanza kuacha maji ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 9 hivi. Sasa chukua lethi, yaani mashine ya kukereza, ya kilo 400 iliyolala wiki nzima kwenye -10, Jumamosi asubuhi unawasha hita kubwa, baada ya saa moja hewa ishapanda umevua koti unajisikia vizuri, lakini kile kitanda cha lethi bado kiko chini ya sifuri, kinatoka jasho kama soda iliyotolewa kwenye friji. Unafuta juu, ila chini ya karieji (kigari kinachobeba kisu) na ndani ya chaki (taya zinazoshika kazi) hufiki. Ukija wikiendi inayofuata kuna rangi ya chungwa.

Kwahiyo lengo letu sio karakana ya moto. Tunataka karakana inayokaa nyuzi 8 mpaka 10 muda wote, usiku na mchana, afu ukiingia kazini unaipandisha taratibu mpaka 15 au 16. Ukiwa umevaa ovaroli unafanya kazi, nyuzi 15 zinatosha sana.

HATUA YA 1: Toa kila kitu, uone ulichonacho

Toa vyote nje au vifunike. Zima taa mchana, jifungie ndani, angalia mwanga unaingia wapi. Kila unapoona mwanga upepo unapita. Mara nyingi ni chini ya mlango mkubwa, pale mbao ya chini ya ukuta inapokaa juu ya zege, na kuzunguka madirisha. Ziba kwa silikoni au foamu ya kopo. Dari likivuja maji au zege likilowa wakati wa masika, tatua hilo kwanza, hamna haja ya kuendelea. Mara nyingi ni mfereji wa bati tu unamwaga maji karibu na msingi, usogeze mbali.

HATUA YA 2: Umeme kabla hujafunga kuta

Chukua kibali cha manispaa, sehemu nyingi huku unaruhusiwa kufanya mwenyewe kwenye nyumba yako lakini mkaguzi lazima aje aone waya kabla hujaziba. Usipofanya hivyo afu pakaungua, bima wana pa kushikia.

Vuta laini ya amp 100 kwenda kwenye paneli ndogo ya karakana kama paneli ya nyumba inaruhusu. Hesabu yake ni rahisi: hita ya kilowati 5 kwenye volti 240 inakula karibu amp 21, na kwa sababu inafanya kazi muda mrefu unaongeza robo yake, inakuwa 26, kwahiyo breka ya amp 30 na waya wa shaba namba 10 kwa vipimo vya Kimarekani. Mashine ya weldingi ipe soketi yake ya amp 50. Lethi na drili ya kusimama wape breka zao.

Kwa waliozoea umeme wa nyumbani Afrika Mashariki: soketi za kawaida huku ni volti 120 na hezi 60, ila 240 ipo kwenye kila nyumba, inaingia na waya mbili za moto. Fezi tatu ndo hamna majumbani. Ukibahatika kupata lethi ya kiwandani ya fezi tatu usiiache, weka invata, inaingiza 240 ya fezi moja inatoa tatu, na juu yake unapata uwezo wa kubadili spidi kwa kitufe. Ila invata ifungie kwenye boksi lenye kichujio, mbali na grenda. Vumbi la chuma linapitisha umeme, likitulia kwenye bodi ya invata umekwisha.

HATUA YA 3: Kuta na dari

Hapa usibane pesa. Watu wengi wananunua hita kubwa ili waruke hatua hii afu wanalipa bili kila mwezi milele.

Kwenye kuta jaza rokuwuli, yale magodoro ya nyuzi za mawe. Sufi ya kioo ni rahisi zaidi na inafanya kazi, lakini kwa karakana yenye cheche mi nachagua rokuwuli, haishiki moto na panya hawaipendi sana. Ikate kwa kisu cha mkate, ipite kidogo upana wa nafasi ili ikae kwa kubana, usiisindilie manake ukiigandamiza inapoteza uwezo. R ni kipimo cha kuzuia joto lisipite, namba ikiwa kubwa inazuia zaidi. Ukutani R-15 inaingia kwenye mbao za mbili kwa nne. Darini nenda mpaka R-38 au zaidi, nafasi ipo na joto linapanda.

Juu yake, upande wa NDANI, tandika nailoni nene ya mil 6 (elfu sita za inchi, sio milimita), unganisha kwa tepu. Upande wa ndani nasema, manake kwenye baridi hii mvuke unatoka ndani kwenda nje, ukiiweka upande wa nje mvuke unanasa ukutani na mbao zinaoza kimyakimya.

Afu funga kwa mabao ya jipsamu. Foamu yoyote ya plastiki, iwe ya kupuliza au ya mabao, usiiache wazi hata siku moja kwenye chumba chenye cheche, lazima ifunikwe na jipsamu ya nusu inchi. Ikishika ule moshi wake haukupi muda wa kutafuta ndoo. Sehemu ya kuchomelea mi napigilia na bati juu ya jipsamu, kuanzia sakafuni mpaka mita moja na nusu, na chini naziba mwanya vizuri kwa sababu cheche zinapenda kutambaa sakafuni na kuingia chini ya ukuta. Paka rangi nyeupe, taa chache zitakutosha.

HATUA YA 4: Mlango mkubwa na sakafu

Mlango badilisha mpira wa chini na wa pembeni, na kama ni wa bati tupu tafuta wenye foamu iliyofungiwa ndani ya bati pande zote mbili.

Sakafu ndo inasahaulika. Zege lenyewe linapoteza joto zaidi kwenye kingo kuliko katikati, kwahiyo chimba nje kuzunguka gereji kwenda chini kama sentimita 60, simamisha mabao ya foamu ngumu ya inchi 2, funika sehemu inayobaki juu ya ardhi isiliwe na jua. Kazi ya jasho, ifanye kiangazi. Epoksi ya kung'aa usiweke upande wa weldingi, itaungua madoa madoa. Mbele ya lethi tandika mpira mnene, miguu itakushukuru, ila mpira huo huo usiusogeze karibu na cheche.

HATUA YA 5: Hita

Sasa ndo tunafika. Kwa gereji hii ikishazibwa, hesabu yangu inaonyesha nje kukiwa -25 na ndani 10 unahitaji kilowati 4 hivi. Hita ya umeme ya kilowati 5 ya kuning'iniza darini inatosha, haina moto wala bomba. Kwa wastani wa Januari ukishikilia nyuzi 8, tegemea kama uniti 35 mpaka 45 kwa siku. Ukiona ni nyingi, hitpampu ya nchi za baridi, ile kama AC inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, inakula chini ya hapo, lakini itabidi usafishe vichujio vyake mara kwa mara kwa ajili ya vumbi la grenda. Gesi ya bomba ikiwepo mtaani, nunua hita ya gesi iliyofungwa, ile inayovuta hewa yake kutoka nje na kutoa moshi nje. BTU 30,000 kwa saa (kama kilowati 9) zinatosha, usidanganyike na zile kubwa.

Kitu ambacho SITAKI ukiweke ni zile hita za umbo la bomba zinazopuliza moto, za propeni au mafuta ya taa, zisizo na chimni. Achana na sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo peke yake inatosha kukuua, kemia yenyewe inakataa: kilo 1 ya propeni ikiungua inatoa kilo 1.6 za maji, na yote yanabaki hewani humo humo yakitafuta chuma cha baridi pa kutua. Unalipia gesi ili ulete kutu. Jiko la kuni nalo kwenye gereji bima wengi hawalitaki, uliza kabla hujatoboa paa.

Chochote chenye moto kiwe juu inchi 18 kutoka sakafuni, mvuke wa petroli unakaa chini. Na zile kopo za kusafishia breki zenye klorini zitoe kabisa humo ndani, zikikutana na moto au aki (ule mwako wa umeme) ya weldingi zinatengeneza fosjini, gesi ya vita vya kwanza vya dunia. Kengele ya kaboni monoksaidi weka hata kama hita ni ya umeme, kuna siku utawasha gari humo.

HATUA YA 6: Moshi wa weldingi bila kutupa joto lote nje

Feni ya ukutani ya mita za ujazo 850 kwa saa, ambayo ni ya kawaida tu, nje kukiwa -25 inatupa kama kilowati 10 za joto. Mara mbili ya hita yako! Kwahiyo usiegemee feni ya ukutani. Tumia bomba la inchi 6 lenye mdomo unaousogeza mpaka sentimita 30 kutoka kwenye aki, unavuta moshi pale unapozaliwa, hewa kidogo inatosha. Ukimaliza zima. Chuma cha gavanaizi, kile kilichopakwa zinki, chomelea nje au ngoja baridi iishe. Vijiti vya weldingi vya aina ya 7018 viweke kwenye boksi kavu lenye joto, vikinyonya unyevu weldi inapasuka.

HATUA YA 7: Rudisha mashine

Lethi usiifunike kwa nailoni, inafungia unyevu ndani, tumia shuka la pamba na paka oili ya slaidi. Chini ya kitanda bandika hita ndogo ya sumaku ya wati 50, iache inawaka msimu wote, inakifanya chuma kiwe na joto kuliko hewa na hapo umande hauna pa kushika. Asubuhi ya baridi anza spidi ya chini dakika kadhaa, oili ikiwa nzito gia zinalia.

Afu piga levo kwa levo ya fundi mashine, sio ya mjenzi. Zege la gereji iliyojitenga huku linanyanyuka barafu ikishika ardhini na linarudi ikiyeyuka, kitanda kinajipinda na utaanza kukereza shafti zenye tepa, nene upande mmoja na nyembamba mwingine, bila kujua sababu. Pima Desemba ardhi ikishaganda, pima tena Mei.