Unablogu bila kadi ya pres? Soma hii kabla hujaposti

Watu wanabishana sana bloga ni mwandishi ama si mwandishi, na mi naona tunapoteza muda tu, manake Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 34, haijasema mwandishi, imesema serikali isimwadhibu mtu yeyote kwa maoni yake ama kwa alichochapisha. Mtu yeyote. Kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari inakuingiza kwa mikutano, lakini haki yenyewe ni yako kama raia, kazi ni kujua kuitumia.

Tuseme umesikia kuna tenda ya barabara imeliwa huko kwa wodi yenu. Usikimbilie kuandika. Andikia kaunti kwanza uombe mkataba, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu, hulazimiki kueleza unautakia nini, na wana siku 21 za kujibu, wakikunyamazia peleka malalamishi kwa Ombudsman, ile ofisi inayopokea malalamishi dhidi ya ofisi za umma. Hata ukikosa mkataba, ile nakala ya barua yako yenye muhuri wao itunze vile unatunza kitambulisho, siku ya korti itaonyesha ulitafuta ukweli, hukuamka tu ukaanza kutusi watu.

Ukiandika sasa, "MCA (mwakilishi wa wodi) ni mwizi" ni kesi. "Barabara imelipiwa na haina lami, picha ndio hii" ni stori. Kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kuchafulia mtu jina kuwa jinai, Mahakama Kuu ilikifuta mwaka 2017, ila uliyemchafulia bado anaweza kukushtaki umlipe, na ana miezi 12 ya kufanya hivyo, so usifute noti zako mapema.

Jina la aliyekupa habari lisikae kwa simu kabisa. Hapa ndo bloga huumia, mwenzako wa gazeti ana mhariri na wakili wa kampuni, wewe uko na bando ya bob 50.

Polisi wakikuja kukushika, kifungu cha 49 cha Katiba: uliza kosa ni gani, nyamaza, itisha wakili. Kortini ni ndani ya saa 24, ila korti zikiwa zimefungwa unangoja siku zifunguliwe, ndo maana watu hushikwa Ijumaa jioni (wajanja hao). Usiogope kupinga sheria yenyewe pia, Geoffrey Andare alikuwa mtengeneza tovuti, si mwandishi, akashtakiwa kwa posti ya Facebook na 2016 korti ikakifuta kile kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano alichoshtakiwa nacho.

Na namba ya wakili iandike kwa karatasi umwachie mtu wa nyumbani, simu ndo huchukuliwa kwanza.