Pima maji ya kisima baada ya mvua kubwa
Wenye visima vya nyumbani hapa Uganda, msipime maji kiangazi pekee. Mvua za Machi hadi Mei ndizo husukuma uchafu wa vyoo vya shimo mpaka kisimani, na maji huweza kubaki maangavu kabisa. Chukueni chupa safi ya maabara. Msiisuuze, maana mara nyingi ndani ina dawa ya kuzima klorini, wala msiguse mdomo wake. Iwekeni kwenye barafu, ifike maabara ndani ya muda wa saa 6. Ombeni kipimo cha E. koli, yaani bakteria wa kinyesi: katika mililita 100 inatakiwa 0. Ikionekana hata 1, chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote, hasa ya watoto. Kisha angalieni kamba ya ndoo, mara nyingi hulala matopeni.