Kutambua Inocybe geophylla: uyoga mdogo mweupe wa msituni

Huota ardhini kwenye misitu ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hasa kandokando ya njia zenye unyevu chini ya mialoni na misonobari. Una muskarini, sumu inayomtoa mtu jasho na mate mfululizo. Dawa yake hospitalini ni atropini. Kuushika hakudhuru, ila usiuonje.

1. Chimbua, usikate. Pitisha kisu chini ya tako la shina. Chukua vielelezo vitatu au vinne, vichanga na vilivyokomaa, na uandike miti iliyo karibu, kwa kuwa uyoga huu hushirikiana na mizizi hai. Ukiuona juu ya gogo, huo si wenyewe.

2. Kofia na shina. Kofia ina upana wa sm 1 hadi 4, kavu, inang'aa kama hariri, na ina kinundu katikati hata ikishatanuka. Kwenye kichanga, tafuta utando kama wa buibui kati ya ukingo na shina. Hutoweka mapema.

3. Vibamba vya chini ya kofia. Wengi huteleza hapa. Uyoga mchanga una vibamba vyeupe, ukadhani ni Mycena, jenasi nyingine ya uyoga mdogo. Ukikomaa vinageuka rangi ya udongo wa mfinyanzi, na ndilo jina lenyewe: geophylla ni "jani la udongo" kwa Kigiriki. Usibahatishe, pata chapa ya spora, yaani alama ya vumbi la uzazi linalodondoka kutoka kwenye vibamba. Kata shina, laza kofia kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, dondosha tone la maji juu yake, funika kwa glasi upepo usipeperushe spora, uache usiku kucha. Kahawia ya tope: endelea. Nyeupe: huenda ni Mycena. Waridi: Entoloma au Clitopilus, jenasi nyingine za uyoga. Isipotoka chapa, kofia ilikuwa changa mno au imekauka.

4. Harufu. Ponda kipande. Hunuka shahawa, wataalamu huliandika hivyo bila haya. Clitopilus prunulus, unaoliwa, hunuka unga mbichi na vibamba vyake huteremkia shinani.

5. Hadubini. Kuza mara 1000 kwa lenzi ya mafuta (tone la mafuta kati ya lenzi na kielelezo). Spora ni laini, kama mikromita 9 kwa 5. Kwenye vibamba tafuta sistidia: seli zenye kuta nene na fuwele kileleni.

6. Lebo. Oda Agaricales, familia Inocybaceae; mtaalamu wa uyoga Kummer aliuweka kwenye jenasi Inocybe mwaka 1871. Wenye rangi ya zambarau sasa ni Inocybe lilacina. Vipimo vya DNA vimeonyesha kuwa jina geophylla limebeba spishi kadhaa zinazofanana, kwa hiyo bila DNA andika "Inocybe cf. geophylla" (cf. ni "linganisha na").