Google na Bing: kulinganisha viwango vya kubofya bila kudanganywa na jumla

Chukua kampuni ya utalii ya Moshi inayouza safari za kupanda Kilimanjaro kwa Wamarekani. Inatangaza kupitia Google Ads, mfumo wa matangazo wa Google, na kupitia Microsoft Advertising, ule unaoonyesha matangazo kwenye Bing, ili imfikie mtu aliye mezani na kompyuta ya Windows, ambayo kivinjari chake cha Edge hutafuta kwa Bing asipokibadilisha mwenyewe. Mwisho wa mwezi dashibodi ya kwanza inasema kiwango cha kubofya ni asilimia 5.7, ya pili 4.1. Bosi anataka bajeti ya Bing ikatwe. Asikate kwanza.

Hesabu yenyewe haina utata: mibofyo gawanya kwa idadi ya mara tangazo lilipoonekana, zidisha kwa 100. Majukwaa yote mawili yanahesabu hivyo hivyo. Tofauti iko kwenye kilichomwagwa ndani ya hiyo idadi ya kuonekana, na kazi yote ni kukichambua.

Anza na mahali tangazo lilipotokea. Kampeni ya utafutaji ya Google inaweza kuwa imebeba pia tovuti za washirika na mtandao wa mabango, kwa sababu visanduku hivyo mara nyingi huja vikiwa vimeshatiwa alama wakati wa kuunda kampeni. Microsoft nayo ina washirika wake, na ina matangazo ya hadhira yanayotokea ndani ya kurasa za habari na barua pepe, ambako hakuna aliyetafuta chochote. Huko tangazo linaonekana maelfu ya mara na kubofywa mara chache sana, kwa hiyo linaburuta wastani wote chini. Katika kila jukwaa fungua kampeni, bonyeza "Segment", gawanya kwa mtandao, kisha chukua safu ya utafutaji peke yake. Kama hujawahi kufanya hivi, huenda ugomvi wa namba ukaishia hapa hapa.

Halafu gawanya kwa kifaa. Hapa ndipo watu wengi hupotea, basi tutembee na namba za mfano:

Google, simu: kuonekana 9,000, mibofyo 540, asilimia 6.0
Google, kompyuta: kuonekana 1,000, mibofyo 30, asilimia 3.0
Bing, simu: kuonekana 400, mibofyo 26, asilimia 6.5
Bing, kompyuta: kuonekana 1,600, mibofyo 56, asilimia 3.5

Ukijumlisha, Google ina mibofyo 570 kwa 10,000, yaani 5.7. Bing ina 82 kwa 2,000, yaani 4.1. Lakini Bing imeongoza kwenye simu na imeongoza kwenye kompyuta pia. Imeshindwa kwenye jumla tu, kwa kuwa watazamaji wake wengi wako kwenye kompyuta, na kompyuta hubofywa kidogo pande zote mbili. Dawa ni kuipa Bing mgawanyo wa vifaa wa Google: 0.9 (sehemu ya simu) mara 6.5, ongeza 0.1 (sehemu ya kompyuta) mara 3.5, unapata 6.2. Hiyo ndiyo namba ya kuweka kando ya 5.7.

Usishangilie bado. Mibofyo 26 ni michache mno. Kupima kama tofauti ni ya kweli, chukua kiwango cha pamoja cha pande mbili (kwa kompyuta ni 86 kwa 2,600, yaani 0.033), kizidishe kwa 1 toa chenyewe, zidisha tena kwa jumla ya 1/1,000 na 1/1,600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Inatoka 0.0072. Tofauti ya viwango ni 0.005, igawe kwa 0.0072 upate karibu 0.7. Isipofika 1.96, mpaka wa kawaida wa takwimu, ichukulie kuwa huenda ni bahati tu. Kwa viwango vya namna hii, kutenganisha asilimia 3.0 na 3.5 kwa uhakika kunadai tangazo lionekane takriban mara 20,000 kila upande. Kwenye Bing idadi hiyo inaweza kuchukua miezi, na hakuna njia ya mkato.

Nafasi kwenye ukurasa nayo ina uzito. Google iliondoa kipimo cha wastani wa nafasi mwaka 2019. Siku hizi unaangalia asilimia ya mara tangazo lilipokuwa juu ya matokeo, na asilimia ya mara lilipokuwa la kwanza kabisa. Microsoft inavyo vipimo vya aina hiyo. Ikiwa Bing unakuwa wa kwanza kwa asilimia 60 na Google kwa 25, unalinganisha nafasi, hulinganishi majukwaa. Rekebisha dau (kiasi unachokubali kulipia mbofyo), au linganisha yale maneno muhimu tu, yaani maneno uliyochagua yaite tangazo lako, ambayo asilimia zake za kuwa wa kwanza zinakaribiana.

Jina la kampuni yako litenge kwenye kampeni yake. Anayetafuta jina lako anabofya bila kusitasita, na jukwaa lenye wateja wengi wa zamani litaonekana bora bure. Kwa maneno yaliyobaki tumia ulinganifu kamili (exact match), ambapo tangazo hutokea kwa utafutaji wenye maana ile ile ya neno lako. Ulinganifu mpana (broad match), unaoruhusu hata utafutaji unaohusiana tu, kila jukwaa linautafsiri kwa namna yake. Usikokotoe kiwango kutoka ripoti ya maneno waliyoandika watafutaji, maana Google huficha yale yaliyotafutwa na watu wachache na jumla haitakamilika.

Microsoft ina zana ya kuhamisha kampeni kutoka Google Ads, na inaokoa muda. Ikimaliza, pitia kwa macho yako maeneo, ratiba, viungo vya ziada na maneno ya kuzuia, yaani yale ambayo mtu akiyatafuta tangazo lako lisitokee. Likidondoka neno moja la kuzuia, utaanza kuonekana kwa watu wanaotafuta bia au kahawa yenye jina la mlima. Angalia pia mpangilio wa eneo: "waliopo Marekani" na "waliopo au wanaovutiwa na Marekani" ni hadhira mbili tofauti. Vichwa vya tangazo vinaruhusiwa hadi 15, na kila jukwaa hujichagulia la kuonyesha, kwa hiyo kwa kipindi cha jaribio bandika vichwa vile vile kwenye nafasi ya kwanza na ya pili pande zote.

Tumia wiki nne kamili ili Jumatatu na Jumapili zilingane, na ziishie siku mbili tatu kabla ya siku unayochukua namba, kwa kuwa mibofyo batili huondolewa baadaye. Saa za eneo kwenye Google huwekwa kwa akaunti nzima, kwa Microsoft huwekwa kwa kila kampeni. Zisipofanana, ripoti ya siku kwa siku haitakaa sawa. Mibofyo ichukue kwenye jukwaa lenyewe, usichukue idadi ya waliofika kwenye tovuti, kwa sababu anayebofya na kufunga ukurasa kabla haujafunguka huhesabiwa na jukwaa peke yake.

Bosi akiuliza tena kuhusu bajeti, mpelekee gharama ya kila ombi la bei lililoingia kutoka kila upande, kwa kifaa na kwa mtandao ule ule uliotenga hapo juu. Bajeti ihamishwe kwa namba hiyo, na kiwango cha kubofya kibaki cha kuamulia maneno ya tangazo.