Tairi za theluji: inama usome ubavuni

Kwa mlio Montreal na Quebec yote: sheria inataka tairi za baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, lakini msingoje tarehe. Joto likishuka chini ya nyuzi 7, mpira wa tairi za kawaida huanza kukakamaa hata barabara ikiwa kavu.

Tafuta ubavuni alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazitoshi. Kama ni za mtumba, soma pia tarakimu 4 za mwisho za msimbo unaoanza na DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 3223 ni wiki ya 32 ya mwaka 2023. Wakati mwingine zimeandikwa upande wa ndani tu, kwa hiyo chungulia.

Funga zote nne. Ukifunga mbili za mbele tu, nyuma itateleza kwenye kona.

Rimu za chuma zinatosha, nani ataziangalia zikiwa zimejaa chumvi? Kushuka kutoka inchi 17 hadi 16 mara nyingi hupunguza bei, mradi rimu isiguse breki na matundu ya nati yalingane, rimu ya 5x114.3 (matundu 5 kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3) haikai kwenye gari la 5x112. Ukishatembea kilomita 100 hivi, kaza nati tena.