Koti la mtumba: anza na bega

Ukienda soko la mitumba la Memorial hapa Moshi kutafuta koti la suti, usianze na rangi wala bei. Livae, simama wima, kisha angalia mshono wa bega: uishie pale pale mfupa wako unapoishia. Bega likizidi, lirudishe kwenye rundo hata kama ni sufu safi, maana kulipunguza ni sawa na kulishona koti upya, na mafundi wengi watakuharibia. Kiuno na urefu wa mikono ni kazi ndogo.

Chukua bluu iliyoiva au kijivu, vifungo viwili, ukosi usio mpana sana wala mwembamba sana. Baba zetu walivaa hivyo harusini na bado unapendeza nalo leo.

Ubunifu uweke ndani. Mwambie fundi atoe bitana iliyochakaa, aweke kitenge. Langu lina cha njano. Nikilivua tu, maswali yanaanza. Ila kitenge kifue kwanza mara mbili tatu, kisije kikachujia shati jeupe (mimi yalinikuta, tena kanisani). Na kifungo cha chini usikifunge.